Jinsi ya kuipiga Nevermind ya Nirvana mkiwa watatu na vyombo vya kwaya, hapa Mwanza

Hii naandika kwa vijana wa hapa Mwanza wanaojua kushika gita, wengi mmejifunzia kwenye kwaya, Igoma, Buhongwa, Nyakato, Kirumba huko, na mnatamani kupiga roki ila mnaona haiwezekani bila vyombo vya bei mbaya. Inawezekana kabisa. Na kama mnataka pa kuanzia anzeni na Nevermind, albamu ya pili ya Nirvana, bendi ya roki ya Marekani, kwa sababu bendi yenyewe ilikuwa ya watu watatu tu, Kurt Cobain gita na sauti, Krist Novoselic bezi, Dave Grohl drams. Hakuna kinanda, hakuna tarumbeta, hakuna wapiga gita wanne. Watatu.

Kwanza mjue mnashika nini mkononi. Albamu yao ya kwanza, Bleach ya 1989, kuirekodi iligharimu dola 606 na senti 17, yaani pesa ya kuungaunga. Nevermind ikapata bajeti ya dola 65,000, wakaenda kurekodi studio ya Sound City kule Van Nuys, California, mwezi wa tano 1991, prodyuza akiwa Butch Vig, afu mixing, yaani kusawazisha sauti, akamalizia Andy Wallace. Ikatoka tarehe 24 Septemba 1991. Lebo yenyewe, yaani kampuni iliyoitoa, haikutegemea makubwa, kopi za kwanza walizosambaza Marekani zilikuwa kama elfu 46 hivi. Ilipofika tarehe 11 Januari 1992 ikawa namba moja Marekani na aliyetolewa pale juu ni Michael Jackson na albamu yake Dangerous, yule yule Michael ambaye mwezi uliofuata tu alikuja Tanzania watu wakafurika barabarani Dar kumuona. Huku bara hatukuwa hata na kituo cha TV kipindi hicho, ndo maana ukimuuliza mjomba wako kuhusu Nirvana anaweza asijue lolote ila Dangerous anaijua yote. Cobain alifariki Aprili 1994 akiwa na miaka 27, kwaiyo albamu za studio ziko tatu tu, na hii ndo ya katikati.

Sasa jambo ambalo nataka mlielewe kabla hata ya kuchomeka waya. Watu wengi wanadhani muziki huu ni kelele, wanafungua sauti mpaka mwisho kuanzia sekunde ya kwanza wanapiga kwa nguvu zote mpaka wimbo unaisha, na wanashangaa mbona hausikiki kama ule wa kwenye albamu. Hausikiki hivo kwa sababu nusu ya albamu hii ni ukimya. Beti zinapigwa chini, taratibu, gita karibu halipo, bezi ndo linatembea, halafu kiitikio kinakuja kinalipuka. Ule mlipuko unauogopa kwa sababu ulikuwa umetulia. Ukiwa juu muda wote huna pa kupanda. Cobain mwenyewe alikiri kabisa kwenye mahojiano kwamba huo mtindo wa chini-juu-chini aliuchukua kwa bendi ya Pixies, hakuficha. Kwaiyo kazi yenu kubwa kwenye mazoezi haitakuwa kujifunza kupiga kwa nguvu, hiyo kila mtu anaweza, itakuwa kujifunza kunyamaza kwa pamoja na kurudi kwa pamoja.

Anzeni kwa kusikiliza, na tafadhali msisikilize kwa spika ya simu. Spika ya simu haitoi bezi, na kwenye beti za albamu hii bezi ndo linabeba wimbo, kwaiyo utakuwa unasikia wimbo uliotolewa mifupa. Tumia earphone hata zile za bei rahisi za pale stendi au unganisha kwenye sabufa ya nyumbani. Kila mtu asikilize chombo chake peke yake mwanzo mpaka mwisho, mpiga bezi asihangaike na gita kabisa, afu rudieni tena kila mtu asikilize chombo cha mwenzake. Mkikutana mazoezini kila mtu awe anajua mwenzake anaingia saa ngapi.

Kutyuni. Pakua programu ya kutyuni kwenye simu, za bure ziko nyingi. Smells Like Teen Spirit iko kwenye tyuni ya kawaida ile ile unayotumia kanisani. Come as You Are na Lithium zenyewe gita zima na bezi vimeshushwa toni moja kamili, yaani uzi mnene unatoka E unakuwa D na nyuzi zote zinashuka hivo hivo. Hapa ndo magita yetu ya bei rahisi yanagoma, ukishusha nyuzi nyembamba zinalegea zinapiga kelele kwenye freti, vile vyuma vya shingoni mwa gita, tiba yake ni kununua seti ya nyuzi nene kidogo, zile zinazoanzia 10 au 11, uliza dukani watakuelewa. Na ukimaliza kupiga futa nyuzi kwa kitambaa kikavu, joto la huku na jasho la mikono vinaleta kutu haraka mno, nyuzi zenye kutu hazikai kwenye tyuni na zinakatika muda mbaya.

Halafu kama una gita la bati au la mbao limekatika uzi mmoja na hujapata hela ya mwingine, usisubiri. Polly na Something in the Way zilirekodiwa kwa gita kuukuu la Cobain, Stella, alilolinunua duka la vitu vya rehani kwa dola 20 hivi, na lilikuwa na nyuzi tano. Kwenye Something in the Way halikuwa hata kwenye tyuni inayoeleweka, ikabidi bezi na chelo vilifuate lenyewe. Hiyo iko kwenye albamu iliyouza zaidi ya kopi milioni 30 duniani.

Twende kwenye vidole. Wengi wenu mmelelewa na sebene, najua, hata nyimbo za injili za huku zinakwenda na sebene, kwaiyo mkono wako umezoea kukaa chini karibu na tumbo la gita, nyuzi nyembamba, sauti safi, vidole vinacheza haraka. Huo ujuzi usiutupe lakini kwa muziki huu uweke pembeni kidogo, maana huku tunakaa juu kabisa karibu na kichwa cha gita, kwenye nyuzi nene, na tunatumia pawa kodi. Pawa kodi ni rahisi kuliko kodi yoyote uliyofundishwa: kidole cha kwanza kwenye uzi mnene, kidole cha tatu uzi unaofuata freti mbili mbele, basi. Nyuzi zingine zizime kwa kuzilaza vidole juu yake bila kubonyeza.

Teen Spirit karibu yote ni kodi nne, F, B flati, A flati, D flati. Angalia zinavyokaa: F ni uzi wa sita freti ya kwanza, B flati ni uzi wa tano freti hiyo hiyo ya kwanza, A flati unarudi uzi wa sita freti ya nne, D flati uzi wa tano freti ya nne. Yaani umbo la mkono halibadiliki kabisa, unashuka uzi mmoja, unaruka freti tatu, unashuka tena uzi mmoja. Mtoto anaweza kuishika ndani ya wiki. Kinachowashinda watu ni mkono wa kulia, kwa sababu katikati ya kodi na kodi kuna ile chaka-chaka ya nyuzi zilizozimwa, hapo mkono wa kushoto unalegeza tu bila kuachia na wa kulia unaendelea kuchapa bila kusimama. Mkono wa kulia usisimame. Fanya mazoezi ya hiyo chaka-chaka peke yake bila kodi yoyote mpaka iwe inatoka yenyewe huku unaongea na mtu, spidi yake ni kati ya mapigo 115 na 120 kwa dakika, programu ya metronomu itakusaidia.

Afu ikifika beti unaacha kodi zote. Unapiga noti mbili tu, uzi wa pili freti ya kwanza na uzi wa kwanza freti ya kwanza, unaziacha ziningʼinie. Hapo bezi linaendelea kuzunguka kwenye F, B flati, A flati, D flati, noti zinafuatana sawasawa bila manjonjo. Mpiga bezi ndugu yangu, najua kanisani umezoea kutembeatembea na kurukaruka, hapa tulia, wewe ndo ukuta. Mpiga gita na wewe vumilia, utatamani kuongeza kitu, usiongeze.

Na solo. Hii naipenda kupita kiasi. Solo ya Teen Spirit sio mbio za vidole, Cobain amerudia tu melodi ile ile aliyoimba kwenye beti, kaiweka kwenye gita. Come as You Are nayo solo yake inaifuata sauti yake ya kuimba. Kwaiyo kama unaweza kuimba wimbo unaweza kupiga solo yake, tafuta noti moja moja kwa sikio huku unaimba, utafika. Watu wa kwaya hapa mna faida kubwa kuliko mtu aliyejifunza gita kwa video tu, masikio yenu yameshanyooshwa na sauti nne.

Come as You Are rifu yake nzima, kile kipande cha gita kinachojirudia, inapigwa kwenye nyuzi mbili nene tu na vidole havivuki freti ya pili. Sauti yake ile inayoyumba inatokana na pedali ya korasi, kiboksi cha kukanyaga kinachobadili sauti ya gita, Cobain alitumia Small Clone ya Electro-Harmonix. Kama hamna hiyo pedali angalieni kwenye mixa ya kanisa, nyingi zina efekti za ndani na korasi huwa imo, weka kidogo tu.

Kuhusu ile sauti ya kukwaruza, distoshen. Cobain kwenye albamu hii alikuwa na pedali ya Boss DS-1, ni pedali ya kawaida ya rangi ya machungwa na mpaka leo inauzwa, na zipo za kuiga za bei ya chini ambazo kwa kazi hii zinatosha. Ukikosa kabisa, kuna viunganishi vidogo vya kuchomekea gita kwenye simu, unapakua programu yenye amplifaya ndani unapata distoshen hapo. Na ukikosa hata hicho jua kwamba kwenye wimbo wa Territorial Pissings gita lilichomekwa moja kwa moja kwenye mixa ya studio bila amplifaya, likakwaruza hivo hivo. Na nyie mnaweza, ila fanyeni kwa akili: geini ya chaneli ya gita, ile nguvu ya sauti inayoingia, panda juu mpaka ikwaruze, lakini master, ile sauti ya jumla, shusha chini na ile fader ya kusukuma ya chaneli ishushe pia. Ukipandisha vyote kwa pamoja utaunguza tweeter za kanisa, zile spika ndogo za sauti nyembamba, na hapo hautapiga tena chombo chochote pale maisha yako yote. Zingatia pia arthi, majengo mengi ya huku soketi hazina arthi nzuri, unasikia mngurumo muda wote na ukigusa maiki kwa mdomo inakupiga shoti. Wakati mwingine mpate fundi wa umeme aangalie kabla ya mazoezi, sio jambo la kupuuza hata kidogo.

Na vyombo ni vya kanisa. Nenda kwa mwalimu wa kwaya, shikamoo kwanza, mwambie wazi mnataka kufanya mazoezi ya muziki gani na siku gani, usimfiche ukasema ni mapambio. Wakikubali mnapanga muda usiogongana na ratiba yao na mnaacha kila waya mahali mlipoukuta. Wakikataa muheshimu, chagueni kukodi vyombo kwa masaa, mkichangishana watu watatu hata mkiwa wanafunzi wa SAUT pale Malimbe haiwashindi.

Drams. Dave Grohl alijiunga mwezi wa tisa 1990, yaani alikuwa mgeni kwenye bendi, na amebadilisha kila kitu. Anapiga kwa nguvu kweli lakini sikiliza vizuri, hapigi vitu vingi, kiki na snea vinaeleweka, mizunguko yake unaweza kuiimba kwa mdomo. Wapiga drams wetu mna mikono miepesi mno, mnajaza kila nafasi, punguzeni. Piga snea katikati, kila pigo liwe sawa na lililopita. Na kuna tatizo moja la kila bendi changa, kiitikio kikija watu wanapata moto na spidi inapanda. Hata Grohl lilimkuta, Lithium ilikuwa inawakimbia mpaka Vig akamwekea klik, mlio wa kuhesabia mapigo, wa kufuata, na ndo hiyo tunayoisikia. Kwaiyo na wewe weka earphone moja sikioni na metronomu ya simu, Lithium kwa taratibu mpaka ikae. Ni wimbo mgumu kuliko unavyosikika, hata wao siku ya kuurekodi haukukaa, Cobain hasira zikampanda akaanza kupiga na kupiga kelele ovyo mpaka akavunja gita, tepu ilikuwa inazunguka, ikazaliwa Endless, Nameless, ile iliyofichwa mwishoni mwa albamu baada ya ukimya wa kama dakika 10.

Kwa mpiga drams mtihani wa mwisho ni Something in the Way. Grohl aliambiwa apige chini kabisa, yeye ambaye kazi yake ni kupasua, na ilimpa shida. Mazingira yenyewe yalivyokuwa: walijaribu kurekodi wimbo na bendi nzima ikakataa, Cobain akaingia chumba cha mitambo akajilaza kwenye kochi akaanza kuupiga kwa sauti ya chini mno kumuonyesha Vig anautaka vipi, Vig akazima kila kitu kinachotoa mlio mle ndani akamrekodi pale pale akiwa amelala. Ukiwa na simu yenye maiki nzuri jaribuni hivi hivi, usiku, nyumbani, zima feni, funga mlango, imba karibu na maiki kana kwamba kuna mtu amelala chumba cha pili. Ni kodi mbili tu. Mkiweza huu wimbo mkaufanya mtu anyamaze asikilize, hizo nyingine zote mtaziweza.

Sauti. Cobain aliharibu koo haraka, akipiga mayowe mara mbili tatu sauti imeisha, ikabidi Vig awe anarekodi hata zile za kupasha koo asije akakosa. Usifanye mazoezi ya mayowe kila siku. Imba wimbo wote kwa sauti ya kawaida, melodi iwe sahihi kabisa, mayowe weka mwisho wa mazoezi mara moja tu, na yatoke tumboni kama mwalimu wa kwaya alivyokufundisha. Pia kuna siri ya studio, sauti na magita mengi mle yamerekodiwa mara mbili yakalaliana. Cobain alikuwa hataki, anaona ni udanganyifu, Vig akamwambia John Lennon wa Beatles alikuwa anafanya hivo, akakubali. Nyie jukwaani hamuwezi kujirudia mara mbili, kwaiyo tafuteni wa pili wa kuimba. Kwenye In Bloom sauti ya juu ya kiitikio ni Grohl, na hapo mnaojua sauti za teno na alto mtaua, hii ndo sehemu mtawapita hata bendi zilizoanza zamani.

Neno moja kuhusu Polly. Ni kodi rahisi, beti ni E, G, D, C, hakuna drams, ni simbali chache tu, watu wanaupenda kwa sababu ni mtamu na mpole. Lakini unahusu binti aliyetekwa kule Tacoma, Marekani, mwaka 1987, Cobain alisoma habari yake akaandika wimbo kwa mdomo wa yule mtekaji ili tuone ubaya wake ulivyo mtulivu. Msiupige huku mnacheka na kuwaambia watu wapige makofi. Mwimbaji aeleze kwa sentensi mbili unahusu nini, afu aimbe.

Mpangilio wa kujifunza ningewashauri hivi: Come as You Are kwanza kwa sababu ni taratibu na inafundisha kushikana, Polly, afu Teen Spirit, afu In Bloom, Lithium, na Something in the Way mkiwa mmekomaa. Breed na Territorial Pissings ni mbio tupu, ziacheni mpaka drams iwe na pumzi. Drain You iacheni pia, mle studio Vig alimrekodisha Cobain gita juu ya gita na kwa gita moja katikati inapwaya.

Mkipata siku ya kupiga mbele za watu, iwe mahafali, iwe sherehe ya mtaani au ukumbi mdogo, pangeni nyimbo mkijua umeme unaweza kukatika muda wowote. Gita kavu liwe limetyuniwa limekaa pembeni ya jukwaa tayari, na Polly na Something in the Way msizipe nafasi maalum kwenye orodha, zishikeni mkononi. Umeme ukikata mpiga gita anachukua gita kavu, mpiga drams anashuka na simbali moja, mpiga bezi anaimba sauti ya pili, mnasogea mbele karibu na watu na mnaendelea bila kusubiri jenereta. Ukirudi, msirukie Teen Spirit, malizeni kwanza wimbo mlionao.